Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Othello: Wivu, Fitina na Usaliti

Maswali yaliyomo hapa ni yale ambayo wanafunzi, walimu na wapenzi wa jukwaa huyarudia kila inaposomwa tanzia ya Othello ya William Shakespeare. Mistari inayonukuliwa nimeitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza. Jina la mji wa Venisi nimeliandika kwa tahajia aliyoitumia Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia nyingine ya mwandishi huyuhuyu, *Mabepari wa Venisi*, iliyochapishwa mwaka 1969.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni kipi?

Othello ni jemadari mwenye asili ya Afrika anayeyaongoza majeshi ya Jamhuri ya Venisi dhidi ya Waturuki. Amemwoa Desdemona, binti wa mheshimiwa Brabantio, kwa siri na bila ridhaa ya baba mtu. Usiku uleule ndoa inapofichuka, anatumwa Kipro kukilinda kisiwa, lakini dhoruba inazitawanya meli za Waturuki kabla vita havijapiganwa. Iago, mbeba bendera wake, ana uchungu kwa sababu cheo cha luteni alichokitamani kimepewa Cassio, kijana wa Florence. Iago anamlevya Cassio hadi avuliwe cheo, anamshauri amwombe Desdemona amtetee, kisha anamnong'oneza Othello kwamba utetezi huo ni mapenzi ya siri. Othello anamziba mkewe pumzi kitandani, na ukweli unapofichuka anajiua.

Iliandikwa na kuigizwa lini?

Onyesho la kwanza lenye kumbukumbu lilifanyika tarehe 1 Novemba 1604 katika kasri la Whitehall, London, mbele ya Mfalme James I. Wahakiki wengi hukadiria kwamba iliandikwa mwaka 1603 au 1604. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi, kisha ikaingizwa mwaka 1623 katika mkusanyiko mkubwa wa tamthilia zake. Matoleo hayo mawili hayalingani: la 1623 lina mistari takriban 160 isiyokuwamo katika lile la kwanza, ukiwamo wimbo wa Desdemona wa mti wa mlilia, ambao bila huo usiku wa mwisho wa wanawake wawili wa tamthilia hii ungekuwa umepungukiwa sana.

Watazamaji wa 1604 walijua pia kwamba Kipro kilikwisha kuwatoka Wavenisi, kwa kuwa Waturuki walikitwaa kati ya 1570 na 1571. Mfalme James mwenyewe alikuwa ametunga shairi refu kuhusu vita vya majini vya Lepanto vya mwaka huo wa 1571. Kisiwa ambacho Othello anakwenda kukilinda kilikuwa, machoni pa wote waliokaa ukumbini, kisiwa kilichopotea.

Shakespeare alikitunga kisa hiki mwenyewe?

Hapana. Alikitoa katika mkusanyiko wa hadithi za Mwitalia Giovanni Battista Giraldi, maarufu kwa jina la Cinthio, uliochapishwa mwaka 1565. Katika hadithi ya Cinthio mwenye jina ni mke peke yake, Disdemona. Wengine wanatajwa kwa vyeo tu. Mbeba bendera anampenda mke wa jemadari wake, na penzi lake linapokataliwa linageuka chuki. Anaiiba leso akimtumia bintiye mwenye umri wa miaka mitatu, ambaye Disdemona amempakata. Mauaji yenyewe ni ya kinyama: wanampiga kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha wanaiangusha dari ili ionekane kuwa ni ajali.

Mabadiliko ya Shakespeare yanafundisha mengi. Ile sababu iliyo wazi ya mhalifu, yaani mapenzi yaliyokataliwa, ameipunguza hadi ikawa kauli moja ya kupita. Mtoto ameondolewa, na mahali pake amewekwa mke wa mhalifu, mtu mzima mwenye akili na dhamiri. Kwa mabadiliko hayo mawili, kisa cha mauaji ya kawaida kimekuwa uchunguzi wa namna watu wema wanavyoweza kutumiwa dhidi ya wale wanaowapenda.

Je, ni kweli kwamba hii ni tamthilia ya wivu?

Ndivyo inavyotambulishwa kila mahali, na Kiingereza kinachangia kuificha tofauti ambayo Kiswahili hakiifichi. Sisi tuna wivu, tuna gere, tuna kijicho, na tuna husuda. Mwenye wivu anaogopa kunyang'anywa kilicho chake. Mwenye husuda anaumia kwa sababu mwenzake amepata, na yuko radhi kitu hicho kipotee kabisa hata kama yeye mwenyewe hatakipata. Mzazi wa Kiswahili anaweza kusema kwa utani kwamba mkwewe ana wivu, lakini hawezi kusema kwa utani kwamba ana husuda.

Ukiyashika maneno hayo mawili, tamthilia inafunguka. Othello ana wivu. Iago ana husuda, na chombo anachokitumia ni fitina. Wivu wa Othello haukuwapo mwanzoni: Desdemona anasema waziwazi kwamba mumewe hana tabia hiyo, na katika matendo mawili ya kwanza hatuoni dalili yake. Umepandwa na mtu mwingine, ukamwagiliwa na kusimamiwa mpaka ukazaa. Othello mwenyewe, katika maneno yake ya mwisho, anaomba asimuliwe kama mtu ambaye hakuwa mwepesi wa wivu, lakini alipochochewa alivurugika kupita kiasi. Unaweza kumwona kama anayejitetea, na wahakiki wakali wamemwona hivyo, ila matini inamuunga mkono.

Ndiyo maana naamini kwamba jina linaloifaa tamthilia hii zaidi ni tanzia ya fitina. Wengi wetu tumezoea kuisikia kauli kwamba fitina ni mbaya kuliko kuua. Katika Qurani inakotoka, neno hilo lina maana pana kuliko uchonganishi, lakini katika matumizi ya kila siku ya Waswahili kauli hiyo inamhusu mtu wa aina ya Iago hasa, yule anayeua pasipo kugusa kisu kwa muda mrefu kadiri awezavyo.

Iago anataka nini hasa?

Swali hili limewasumbua wahakiki kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alisema kwamba Iago anatafuta sababu za uovu usio na sababu. Kauli hiyo imerudiwa mno, nami nadhani imewapotosha wasomaji wengi, kwa sababu shida ya Iago ni kwamba sababu zake ni nyingi kupita kiasi. Anasema amenyimwa cheo. Anasema kuna uvumi kwamba Othello amelala na mkewe, na anaongeza kwamba hajui kama ni kweli ila atauchukulia kuwa ni kweli. Baadaye anamshuku Cassio kwa jambo lilelile. Anasema hata yeye anampenda Desdemona, kisha jambo hilo halisikiki tena.

Ushahidi mzito zaidi umefichwa katika tendo la tano, pale Iago anapopiga hesabu kwa nini Cassio lazima afe. Anasema maisha ya Cassio yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye, Iago, aonekane mbaya. Anayesema hivyo hadai cheo wala mke. Anaumizwa na wema wa mwingine kwa kuwa tu upo, na hiyo ndiyo husuda yenyewe bila nguo. Zile sababu nyingine hazina uongo mtupu, lakini zinafanana na mavazi anayoyajaribu moja baada ya jingine mbele yetu.

Fitina yenyewe inafanyaje kazi?

Jibu limo katika tendo la tatu, onyesho la tatu, ambalo linapaswa kusomwa polepole na zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwake Othello anamtazama mkewe akiondoka na kusema kwamba siku atakapoacha kumpenda, vurugu ya kabla ya kuumbwa ulimwengu itakuwa imerudi. Mwishoni mwa onyesho hilohilo amepiga magoti pamoja na Iago na kuapa kumwaga damu. Katikati hapo hakuna tukio kubwa lolote. Kuna maneno tu, na kitambaa kimoja kinachoanguka.

Cassio amekuja kumwomba Desdemona amtetee, na anapomwona Othello akija, anaondoka kwa aibu ya mtu aliyevuliwa cheo. Iago anatamka kwa sauti ndogo: "Mh! Hilo silipendi." Othello anauliza amesema nini. "Si kitu, bwana wangu, au kama... sijui." Othello anauliza kama aliyeondoka si Cassio. Iago anajibu kwamba haiwezekani, Cassio hawezi kunyemelea kama mtu mwenye hatia. Tazama kilichotokea. Iago hajamshtaki mtu yeyote, amemtetea Cassio. Lakini neno hatia limekwisha kuingia chumbani, na limeingia kwa mlango wa utetezi.

Kisha anaanza kujibu maswali kwa mwangwi. Othello anauliza kama Cassio si mwaminifu, Iago anarudia: "Mwaminifu, bwana wangu?" Anauliza anafikiri nini, Iago anarudia: "Ninafikiri nini, bwana wangu?" Othello anashtuka na kusema kwamba mtu huyu anamwigiza kana kwamba kuna zimwi katika mawazo yake, zimwi baya mno lisilofaa kuonyeshwa. Kuanzia hapo kazi ya mfitini imekuwa nyepesi, kwa kuwa msikilizaji ndiye anayeomba aambiwe, na mfitini ndiye anayekataa kusema. Kila anapokataa, bei ya siri inapanda. Watu waliowahi kuishi katika mtaa wenye mchonganishi hodari wanaijua mbinu hii: anaanza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa maneno, kwamba asingependa kuvunja nyumba ya watu, na kwamba pengine amekosea.

Halafu inakuja hatua ya ujasiri mkubwa. Iago mwenyewe anamwonya Othello ajihadhari na wivu, dubwana lenye macho ya kijani linaloicheka nyama linayoila. Mpaka wakati huo neno wivu halijatamkwa na Othello. Anayetoa onyo ndiye anayetia ugonjwa, na kwa kuwa ametoa onyo, hakuna atakayemshuku.

Baada ya hapo anagusa kidonda halisi. Anamkumbusha Othello kwamba yeye ni mgeni na hawajui wanawake wa Venisi, ambao, anadai, humwonyesha Mungu mambo wasiyothubutu kuwaonyesha waume zao. Anamkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya babake alipoolewa. Hoja hii ina nguvu kwa sababu Othello aliwahi kuisikia: Brabantio, akiondoka kwa hasira katika tendo la kwanza, alimwambia amwangalie mwanamke huyo vizuri, kwani amemdanganya baba na anaweza kumdanganya mume. Mfitini mzuri hatungi kila kitu. Huokota maneno ya kweli yaliyosemwa na wengine na kuyaweka mahali yasipostahili.

Kwa nini leso ndogo inabeba uzito wote huo?

Mhakiki Thomas Rymer aliidhihaki tamthilia hii mwaka 1693 kwa sababu ya leso hiyo, akiona ni kichekesho kwamba maisha ya watu yategemee kitambaa. Nadhani alikosea pale hasa palipo na ustadi. Leso hiyo, iliyotariziwa matunda ya stroberi, ndiyo zawadi ya kwanza ambayo Othello alimpa Desdemona. Anasema mamake alipewa na mwanamke wa Kimisri mwenye uganga, kwamba ilishonwa na mtabiri aliyeishi miaka mia mbili, na kwamba ikipotea mapenzi ya mume yatapotea nayo. Mwishoni, mbele ya mashahidi, anasema tu kwamba ni kumbukumbu ambayo babake alimpa mamake. Kauli hizo mbili hazipatani, na mwandishi ametuachia tuamue kama ile ya kwanza ilikuwa imani au ilikuwa njia ya kumtisha mke.

Wasomaji wa Pwani wana faida kidogo hapa, kwa kuwa neno leso huko linataja pia kanga, vazi ambalo mume humpa mke na ambalo lina maneno yake. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa jinsi kitambaa cha zawadi kinavyoweza kusema, wala uchungu wa kukiona kimevaliwa na mtu mwingine.

Jambo la kuzingatia ni safari ya kitu hicho. Desdemona anaiangusha wakati anataka kumfunga nayo mumewe kichwa kinachomuuma, yaani inapotea katika tendo la upendo. Emilia, mke wa Iago na mtumishi wa Desdemona, anaiokota na kumpa mumewe. Iago anaitupa chumbani kwa Cassio. Cassio anampa Bianca, hawara wake, anakili mapambo yake. Othello anaiona mikononi mwa Bianca, na kwake huo ndio ushahidi wa macho aliokuwa ameudai. Leso ni ya kweli na macho yake hayakumdanganya. Kilichokosekana ni maelezo ya jinsi ilivyofika hapo, na maelezo hayo yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Kwa nini Othello hakumuuliza mkewe moja kwa moja?

Anamuuliza, ila amechelewa. Katika tendo la nne anamhoji Emilia, ambaye anaapa kwamba hajaona wala kusikia lolote baya, kisha anamkabili Desdemona mwenyewe. Lakini kufikia hapo amekwisha kutoa hukumu, na kila jibu linageuka ushahidi. Emilia akikana, ni mtumishi aliyefunzwa uongo. Desdemona akilia, machozi yake ni ya mamba. Akimtaja Cassio kwa nia njema, amejifunga mwenyewe.

Kinachouma zaidi ni kwamba jambo lenyewe halikuwezekana. Desdemona alisafiri kwenda Kipro katika meli moja na Iago na Emilia, kwa kuwa Othello alimkabidhi mkewe kwa Iago. Cassio alikuwa katika meli nyingine. Ukihesabu saa za jukwaani, kutoka kuteremka kwao kisiwani hadi mauaji ni usiku wa pili tu. Wahakiki wameliita hili tatizo la muda maradufu, kwa maana matini ina dalili za muda mrefu pia: Bianca analalamika kwamba Cassio hajamtembelea kwa wiki nzima, na Emilia anasema mumewe amemsihi mara mia aiibe leso. Mtazamaji ukumbini hana nafasi ya kupiga hesabu hizo. Othello vilevile hakupewa nafasi, kwa sababu Iago anajua kwamba mpango wake hauwezi kuhimili kutulia kwa siku moja.

Basi Othello hana hatia?

Ana hatia, na sikubaliani na usomaji unaomwondolea. Aliyeapa ni yeye, aliyempiga mkewe mbele ya wageni kutoka Venisi ni yeye, na mikono iliyomziba pumzi ni yake. Iago alipopendekeza kwamba asitumie sumu bali amnyongee katika kitanda alichokichafua, Othello alisifu haki ya mpango huo. Neno haki ndilo linaloogofya hapo. Anaingia chumbani akijiona hakimu, akisema kwamba lazima afe la sivyo atawasaliti wanaume wengine, na anamkatalia hata muda wa sala moja aliouomba. Fitina ilimpa uongo. Kuamini kwamba uongo huo, hata kama ungekuwa kweli, ulimpa mume ruhusa ya kuua, hilo alikuja nalo mwenyewe, na jamii iliyomlea ilikuwa nalo pia.

Rangi ya Othello ina uzito gani katika kisa?

Mkubwa. Kiingereza cha wakati ule kilimwita Mmoro, jina walilopewa Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania, na ambalo Waingereza walilitumia pia ovyo kwa mtu mweusi yeyote. Mwaka 1600 balozi wa Sultani wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London kwa miezi kadhaa, na picha aliyochorwa wakati huo ipo hadi leo. Othello wa Shakespeare ni Mkristo aliyebatizwa, mwenye nasaba ya kifalme kwa maelezo yake, aliyewahi kuuzwa utumwani na kukombolewa.

Kabla hajaonekana jukwaani tumekwisha kusikia akitukanwa. Iago anamwamsha Brabantio usiku kwa picha za wanyama, kondoo dume mzee mweusi na kondoo jike mweupe. Seneti ya Venisi inamheshimu Othello kwa sababu inamhitaji, na Brabantio alikuwa akimkaribisha nyumbani kwake kusimulia safari zake, mpaka siku ya kusikia kwamba amekuwa mkwewe. Katika hali hiyo, Iago hakuwa na haja ya kutunga dharau mpya. Dharau ilikuwapo mjini, na kazi yake ilikuwa kumfanya Othello aimeze. Dalili ya kwanza kwamba amefanikiwa ni pale Othello, akiwa peke yake, anapoanza kujiuliza kama mkewe amemchoka kwa sababu yeye ni mweusi na hana maneno laini ya watu wa mabarazani.

Hata kifo chake kimegawanyika hivyo. Anasimulia kwamba huko Aleppo aliwahi kumkamata Mturuki aliyempiga Mvenisi, akamchoma kisu "hivi", na kwa neno hilo anajichoma. Mlinzi wa Venisi na adui wa Venisi ni mwili mmoja.

Emilia ni msaliti?

Alimpa mumewe leso, kisha Desdemona alipouliza iliko alijibu kwamba hajui. Hilo ni kosa, na tusilifunike. Lakini hakujua itatumiwaje, na alifanya alivyofanya ili kumfurahisha mume asiyefurahishwa na lolote. Katika tendo la nne anasema kuna laghai aliyemsingizia bibi yake ili apate cheo, na anayasema hayo mbele ya Iago bila kujua kwamba anamweleza yeye. Iago anajibu kwamba hakuna mtu wa namna hiyo. Katika tendo la tano Othello anapomwambia kwamba aliyemjulisha ni mumewe, Emilia anarudia maneno "mume wangu" tena na tena, na katika kurudia huko tunausikia ukweli ukimfikia kidogo kidogo.

Anachokifanya baadaye ndicho kinachomfanya, kwangu mimi, mhusika shujaa kuliko wote. Mumewe anamwamuru anyamaze na aende nyumbani. Anajibu kwamba inafaa amtii, ila si sasa. Anasema yote kuhusu leso akijua kisu kiko karibu, na kisu kinamfika.

Na Desdemona, ni dhaifu kama wasemavyo wengine?

Msichana aliyesimama mbele ya Seneti na kumwambia babake kwamba utii wake sasa ni kwa mumewe, kama mamake alivyofanya, hawezi kuitwa dhaifu. Udhaifu unaoonekana baadaye ni wa mtu aliyeshambuliwa kwa silaha asiyoijua: anadhani mumewe ameudhiwa na mambo ya serikali. Anapozinduka kwa muda mfupi kabla ya kufa, Emilia anamuuliza nani amefanya hivi. Anajibu: "Hakuna, ni mimi mwenyewe." Ni uongo wake wa mwisho, nao ni wa kumlinda aliyemuua. Wengine huusifu kama upendo mkamilifu. Mimi huusoma kwa huzuni kubwa, kwa sababu wanawake wengi waliopigwa majumbani wamewahi kusema maneno hayohayo.

Ni waigizaji gani wamekumbukwa kwa tamthilia hii?

Tarehe 8 Desemba 1660, London ilimwona kwa mara ya kwanza mwanamke katika jukwaa rasmi akiigiza Desdemona. Kabla ya hapo wavulana ndio walioigiza wanawake. Othello naye kwa karne nyingi aliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi. Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, alimwigiza London mwaka 1825, na tena mwaka 1833 katika ukumbi wa Covent Garden, baada ya Edmund Kean kuanguka jukwaani katika nafasi hiyohiyo. Baadhi ya magazeti ya London yalimtukana waziwazi kwa rangi yake. Paul Robeson aliigiza London mwaka 1930, na New York kuanzia mwaka 1943, ambako onyesho lake lilifikia mara 296. Mwaka 1987 John Kani aliigiza Johannesburg chini ya uelekezaji wa Janet Suzman, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado ni sheria.

Mwaka 2015, huko Stratford-upon-Avon, Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza na wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumwigiza Iago katika Royal Shakespeare Company, mkabala na Othello wa Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana. Uamuzi huo ulibadilisha swali la zamani. Iago akiwa naye ni mweusi, usaliti wake unakuwa wa mtu wa nyumbani, na uaminifu ambao Othello anampa unaeleweka haraka zaidi.

Kwa nini Iago anakataa kusema mwishoni?

Othello, akiwa amejeruhiwa na ukweli, anataka aulizwe kwa nini aliinasa roho na mwili wake namna hii. Iago anajibu: "Msiniulize kitu. Mnachokijua mnakijua. Kuanzia sasa sitatamka neno." Huyu ndiye mhusika mwenye mistari mingi kuliko wote, hata kuliko Othello mwenyewe, ndiye aliyezungumza nasi peke yetu tangu tendo la kwanza, akatufanya tujue kila hatua kabla ya wanaotendewa, tukakaa kimya vitini. Maneno ndiyo yaliyokuwa mali yake, na sasa anayafungia. Othello anaomba sababu kwa kuwa bila sababu hana hata namna ya kuuelewa msiba wake, na Iago anamnyima kitu hicho cha mwisho alichobakiwa na uwezo wa kukinyima. Lodovico, mjumbe aliyetumwa kutoka Venisi, anaagiza ateswe. Pazia la kitanda linafungwa juu ya maiti, Cassio anaachiwa Kipro, na Iago anabaki hai jukwaani, akivuja damu, mdomo umefungwa.